Bendera Yetu kwenye Meli za Wengine

Mhadhara kwa wakazi wa Kinyerezi, Dar es Salaam



Najua wapo kati yenu wanaojiuliza silaha za nyuklia zinaihusu nini Kinyerezi, mahali ambapo vikao vyetu huzungumzia barabara za mitaa, maji na foleni ya Segerea. Swali hilo ni la haki, na nitalijibu kwa kisa kilichotokea nchini mwetu.

Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku ununuzi wa mafuta ya Iran, na marufuku hiyo ikaanza kutekelezwa kikamilifu tarehe 1 Julai. Shabaha ilikuwa kuibana Iran kuhusu urutubishaji wa urani, jambo ambalo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limelitolea maazimio tangu 2006. Meli za kampuni ya taifa ya meli za mafuta ya Iran, NITC, zikaanza kubadili majina. Zikabadili na bendera pia. Zilizokuwa zikipeperusha bendera za Malta na Cyprus zikaonekana baharini zikiwa na bendera ya Tuvalu, na nyingine zikiwa na bendera ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia barua Rais Jakaya Kikwete. Serikali ikachunguza, na ilipofika Agosti ikathibitika kwamba meli 36 zenye uhusiano na Iran zilikuwa zimesajiliwa kwa jina letu. Zikaamriwa zifutwe.

Aliyezisajili ni wakala, kampuni iitwayo Philtex, iliyokuwa ikifanyia kazi Dubai kwa niaba ya mamlaka ya Zanzibar. Meli hizo hazikuhitaji kutia nanga Malindi wala Kurasini. Kilichosafiri ni karatasi. Mkulima wa Namtumbo, mvuvi wa Nungwi na mama ntilie wa hapa Kinyerezi, wote jina lao lilikuwa limeandikwa nyuma ya meli ambazo hawakuwahi kuziona, katika mgogoro ambao hawakuulizwa.

Nawaomba tulitazame jambo hili kwa makini. Kwa sheria ya bahari, meli ikiwa kwenye bahari kuu iko chini ya mamlaka ya nchi ambayo bendera yake inaipeperusha. Askari wa nchi nyingine hawaruhusiwi kupanda na kuikagua wapendavyo. Isipokuwa katika mambo machache, lazima wapate ridhaa ya nchi hiyo. Kwa hiyo bendera ni kinga. Nchi nyingi hufungua daftari la kimataifa, wenye meli wa kigeni wakajiandikisha na kulipa ada, na biashara hiyo ni halali. Lakini kumpa bendera mwenye meli usiyemchunguza ni sawa na kumwachia mtu usiyemjua kitambulisho chako akatembee nacho mjini. Akifanya kosa, anayetafutwa ni wewe.

Palikuwa na ufa mwingine wa kwetu wenyewe, na inafaa tuuseme kwa adabu lakini tuuseme. Mambo ya nje ni ya Muungano. Usajili wa meli za kimataifa ulifanywa na Zanzibar, kwa sheria ya usafiri baharini ya mwaka 2006. Bendera ni moja. Barua ya malalamiko ikitoka Washington hufika kwa Rais wa Muungano, ilhali daftari liko Unguja na wakala yuko Dubai. Katika mpangilio wa namna hiyo kila mmoja ana sababu nzuri ya kudhani mwenzake ameangalia.

Ningependa kuwaambia kwamba 2012 ilitufunza mara moja ikatosha. Haikutosha. Desemba 2017 meli iitwayo Kaluba, yenye bendera yetu, ilikamatwa ikiwa na dawa za kulevya katika bahari ya Karibi, na Januari 2018 meli Andromeda, yenye bendera yetu pia, ikazuiwa na Ugiriki ikiwa na vifaa vya milipuko vilivyokuwa vikielekea Libya. Rais John Magufuli akasimamisha usajili wa meli mpya za nje na kuagiza meli 470 zichunguzwe. Mizigo hiyo haikuwa ya nyuklia. Mlango, hata hivyo, ni ule ule, na anayetaka kupitisha kitu kibaya hutafuta kwanza mlango ambao wengine wameshaupita.

Hata silaha za kawaida zinaweza kutuingiza kwenye migogoro ya nyuklia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia vikwazo dhidi ya Korea Kaskazini waliripoti mwaka 2017 kwamba walikuwa wakichunguza madai ya mkataba wa zaidi ya euro milioni 10 kati ya kampuni ya nchi hiyo, Haegeumgang, na Tanzania, wa kukarabati rada na makombora ya kutungulia ndege. Vikwazo vile viliwekwa kwa sababu fedha za namna hiyo huweza kwenda kujenga mabomu. Uganda nayo ilitajwa kwa mafunzo ya askari wake. Wengi wetu tunaikumbuka Korea Kaskazini kama rafiki wa zamani wa vyama vya ukombozi. Urafiki huo ni wa kweli katika historia, nami siudharau, ila haufuti saini tulizoweka.

Sasa twende Dubai, maana wafanyabiashara wa Kariakoo wanaifahamu kama kiganja cha mkono. Mtandao wa magendo ya vifaa vya nyuklia wa Abdul Qadeer Khan, mhandisi wa Pakistani aliyesaidia nchi yake kupata bomu, uliitumia Dubai kama ghala la kubadilishia mizigo. Oktoba 2003 meli iitwayo BBC China, ikiwa njiani kwenda Libya, iligeuzwa ikapelekwa bandari ya Taranto, Italia. Ndani yake kulikuwa na makontena matano ya vipuri vya sentrifuji, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa sana ili kutenganisha aina za urani. Vipuri vilitengenezwa Malaysia, vikapitia Dubai. Mtu akivitazama huona mabomba na pete za alumini zilizochongwa kwa ustadi, na hakuna askari wa getini ambaye angevitilia shaka. Desemba mwaka huo huo Libya ikatangaza kuachana na mpango wake wa silaha za nyuklia, na Februari 2004 Khan akakiri hadharani kwenye televisheni.

Mawakala wa forodha mlioko hapa mnaelewa maana ya kisa hicho kuliko maprofesa. Kontena hupita kwa maelezo yaliyoandikwa kwenye hati. Nani ametuma, nani anapokea, bidhaa ni nini, mtumiaji wa mwisho ni nani. Ndiyo maana Aprili 2004, miezi michache baada ya Taranto, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1540, linaloitaka kila nchi, kubwa na ndogo, iwe na sheria na udhibiti wa mipakani wa kuzuia vifaa vya namna hiyo visiangukie mikononi mwa watu binafsi. Azimio limeandikwa New York, lakini anayelitekeleza ni ofisa aliyeko Tunduma saa nane za usiku, na wakala anayekataa kujaza fomu kwa maelezo asiyoyaamini hata kama mteja analipa vizuri.

Nimeitaja Tunduma kwa makusudi. Barabara inayotoka Lubumbashi, ikapita Zambia, ikaingia kwetu Tunduma na kushuka Mbeya hadi bandarini, inabeba shaba na kobalti ya Katanga. Huko Katanga ndiko uliko mgodi wa Shinkolobwe. Urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa huko, ikichimbwa na Waafrika chini ya kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kuhamishia New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mwaka 1940, na Wamarekani wakayanunua 1942. Historia ya bomu haikuanza bila Afrika. Wachimbaji wale hawakuambiwa wanachimba nini, na sijui msamaha gani uliwahi kuwatosha.

Mgodi ulifungwa kwa zege karibu na uhuru wa Kongo, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti, hadi serikali ilipopiga marufuku mwanzoni mwa 2004. Miezi michache baadaye sehemu yake ikaporomoka na kuua watu. Agosti 2006 gazeti la Sunday Times la London liliandika kwamba maofisa wa forodha wa Tanzania walikuwa wamekamata shehena ya urani kutoka Lubumbashi ikielekea Bandar Abbas, Iran. Sitajenga hoja juu ya habari ya gazeti moja. Ninaitaja kwa sababu njia iliyotajwa ni hii yetu. Jambo lisilo na ubishi ni la Novemba 2018, pale kampuni ya Katanga Mining ilipositisha kuuza nje kobalti ya mgodi wa Kamoto baada ya kukuta ndani yake urani iliyozidi kiwango kinachokubalika kwenye bandari kuu za Afrika. Haikuwa magendo. Ni mawe yalivyoumbwa. Lakini fikirini dereva anayelala juu ya mzigo huo siku kadhaa, na mpakiaji anayebeba mifuko bila kipimo chochote kifuani.

Na kuna Kinshasa. Kinu cha utafiti cha kwanza barani Afrika kilijengwa pale mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya Wabelgiji. Fimbo mbili za fueli ziliibwa. Moja ilipatikana Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu wa mafia waliokuwa wakitafuta mnunuzi, na aliyejifanya mnunuzi akawa polisi. Nyingine haijaonekana hadi leo.

Hapa nataka kusema na vijana, maana wako wanaofuatwa na watu wenye vichupa na simu za siri. Urani ya ardhini ina chini ya asilimia moja ya aina inayofaa kwa bomu. Kwa usahihi ni kama 0.7. Gunia la mawe haliwi bomu. Linahitaji viwanda, maelfu ya sentrifuji na miaka. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, IAEA, huhesabu kilo 25 za ile aina ya urani-235, ikiwa imerutubishwa sana, kuwa kiasi kinachotosha bomu moja. Kwa hiyo anayekuambia ana urani ya mamilioni ndani ya kopo, ama anakuibia ama anakutafutia jela. Habari za zebaki nyekundu ni uongo mtupu, hakuna kitu hicho. Mwaka 2009 uongo huo uliwafanya watu wa Saudia wanunue cherehani kuukuu za Singer kwa maelfu ya riyali, wakiamini zebaki hiyo imo ndani ya sindano.

Lakini wapo wanaotafuta kwa dhati. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Oysterbay, hapa hapa Dar es Salaam, wakafa watu 11, na Nairobi wakafa zaidi ya 200. Kesi ya ulipuaji huo iliposikilizwa New York mwaka 2001, shahidi aliyekuwa mfuasi wa Al-Qaeda, Jamal al-Fadl, aliieleza mahakama jinsi alivyotumwa Khartoum miaka ya mwanzo ya 1990 kufuatilia ununuzi wa urani kwa dola milioni 1.5. Hao waliotuua kwa baruti ya kawaida walikuwa wanaulizia bei ya kitu kingine. Ndugu zangu, mtu asiniambie tena kwamba haya ni ya Wazungu.

Turudi Kinyerezi yenyewe. Bomba la gesi kutoka Mtwara, zaidi ya kilomita 500, lililozinduliwa Oktoba 2015, linafika hapa na kulisha mitambo ya umeme tunayoiona kila siku. Bomba la aina hiyo limeungwa kwa maelfu ya viungo vya kuchomelea, na njia ya kawaida duniani ya kukagua viungo hivyo ni kuvipiga picha kwa mionzi ya gama. Kifaa cha kazi hiyo hubebwa kwa mkono mmoja, kina mpini juu, na mtu asiyekijua hushangaa kukuta kitu kidogo hivyo kinazidi kilo 20. Uzito ni wa ngao ya ndani, ambayo mara nyingi ni ya urani, ile iliyobaki baada ya kuondolewa sehemu kubwa ya aina inayotengeneza bomu. Katikati ya ngao kuna kidonge cha iridiamu-192, kidogo kuliko ncha ya kidole, mwishoni mwa waya mfupi.

Kidonge hicho hakiwezi kuwa bomu la nyuklia. Kinaweza kuua. Mwaka 2000, katika kijiji cha Meet Halfa nchini Misri, wafanyakazi wa kukagua viungo vya mabomba walipoteza kidonge cha namna hiyo. Mkulima mmoja akakiokota, akadhani ni madini ya thamani, akakipeleka nyumbani. Akafa yeye na mtoto wake mdogo, na wengine wa familia wakalazwa hospitali. Huko Goiânia, Brazili, Septemba 1987, vijana walibomoa mashine iliyoachwa katika kliniki ya saratani wakaiuza kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Unga uliotoka ndani uling'aa rangi ya buluu gizani. Watu wakagawana, watoto wakajipaka. Watu wanne walikufa, na zaidi ya 100,000 ikabidi wapimwe. Chombo kile hakikuibwa na gaidi. Kiliachwa na wasomi waliohama jengo, na kilichukuliwa na vijana waliokuwa wakitafuta riziki.

IAEA imekuwa ikikusanya taarifa za matukio ya vitu vya mionzi vilivyopotea, kuibwa au kukutwa mahali pasipostahili, na tangu 1993 yamepita 4,000. Mengi ni ya aina hii, ya kidonge na yadi ya vyuma. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa mji huu uko kwa wenye mizani ya vyuma chakavu.

Nisije nikawatisha mkaichukia sayansi. Mionzi ndiyo inayotibu ndugu zetu Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mionzi ndiyo iliyotumika kuwahasi mbung'o madume waliozalishwa Tanga, wakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja kwa mamilioni kati ya 1994 na 1997, hadi kisiwa kikatangazwa huru na mbung'o. Kazi ile ilifanywa na Watanzania pamoja na IAEA. Ni ushirikiano wa mataifa ulioleta maziwa na nyama mezani, nami nautaja kila ninapopata nafasi kwa sababu watu wengi wa bara hawaujui.

Kuna jambo la haki, na bila kulisema mhadhara huu ungekuwa nusu. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia ulianza kutumika 1970. Unaziruhusu nchi tano zilizotangulia zibaki na mabomu yao kwa ahadi ya kuyapunguza hadi kuyamaliza, na nyingine zote zijizuie. Tanzania haikuingia hadi 1991. Mwalimu Nyerere aliliendea suala hili kwa njia nyingine. Tarehe 22 Mei 1984 yeye na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico na Andreas Papandreou wa Ugiriki walitoa tamko la pamoja wakizitaka nchi zenye silaha za nyuklia zisimamishe majaribio na utengenezaji. Walikutana Delhi Januari 1985, baada ya Indira Gandhi kuuawa, na Mexico Agosti 1986, baada ya Palme kuuawa. Mwalimu alikuwa ameshang'atuka, akaendelea. Walijitolea hata kusaidia kusimamia upimaji wa mitikisiko ya ardhi ili pasiwe na kisingizio kwamba majaribio hayawezi kuhakikiwa. India, sina budi kusema, ilikuwa imelipua kifaa chake 1974, na doa hilo lilikuwapo mezani. Hata hivyo hoja yao imesimama. Leo dunia bado ina vichwa vya nyuklia vipatavyo 12,000, na vilivyo vingi ni vya Marekani na Urusi. Wanaotutaka tulinde milango yetu wanadaiwa ahadi ya 1970.

Afrika imetimiza yake. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita, ikayavunja yenyewe, na F. W. de Klerk akatangaza hivyo Machi 1993. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika nzima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, wakati Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika akiwa Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar. Ulianza kutumika Julai 2009.

Na wajibu wetu unakua. Huko Namtumbo, kwenye Mto Mkuju, mradi wa urani unaohusishwa na Rosatom ya Urusi ulizindua mtambo wa majaribio Julai 2025. Tangu 2005 Tanzania ina makubaliano ya ukaguzi na itifaki yake ya nyongeza, kwa hiyo wakaguzi wa IAEA wana haki ya kuja na kuhesabu. Tutakapoanza kusafirisha urani yetu wenyewe, hatutaweza tena kusema sisi ni njia tu.

Ombi langu kwa viongozi ni hili: daftari la meli zote zinazopeperusha bendera yetu, pamoja na majina ya wamiliki halisi, liwe wazi kwa wananchi, na taarifa yake iwasilishwe kila mwaka Bungeni na kwenye Baraza la Wawakilishi. Mawakala wa forodha, mteja akikutaka uandike bidhaa usiyoijua, mwache aende. Wenye yadi za vyuma hapa Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na kwingineko, bandikeni ukutani alama mbili: ile ya mapanga matatu meusi kwenye rangi ya njano, na ile mpya ya 2007, pembetatu nyekundu yenye mawimbi, fuvu na mtu anayekimbia. Chombo chenye alama hizo, au kidogo kilicho kizito kupita kiasi, msikikate, msikipakie, msikirudishe kwa aliyekileta. Sogezeni watu mbali, kisha waiteni polisi na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.